Chatu wa Miti Ndani ya Kabati la Nchi za Baridi: Kisa cha Malindi

Mnyama wa kisa hiki ni chatu wa kijani wa miti, Morelia viridis, jike mzima wa mita 1.4 na kilo 1.1. Anafugwa kwa kibali katika nyumba ya mawe mtaani Shela, Malindi, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Makao aliyoandaliwa ni kabati la plastiki nyeupe lililoagizwa ng'ambo: upana sentimita 120, kina 60, kimo 60, vioo viwili vya kuteleza mbele, vitundu vichache vya hewa ubavuni, na paneli ya kupasha joto ya wati 80 darini. Kwa mfugaji wa Ujerumani au Kanada hilo ni kabati zuri. Limeundwa lishike joto na unyevu visitoroke, kwa kuwa huko nje ni baridi na hewa ya ndani imekaushwa na mitambo ya kupasha nyumba.

Matatizo yalianza Februari, jua la mwisho wa kaskazi likiwa limekaza. Kwanza alijivua gamba vipande vipande badala ya kulivua zima. Vipande viwili vilibaki mkiani, na gamba la jicho la kushoto halikutoka. Siku chache baadaye akakataa panya, akashuka kutoka tawi la juu, akalala sakafuni mchana kutwa kwa siku tatu mfululizo. Mwenye nyoka akaona hewa ni kavu, akaongeza kunyunyiza maji kutoka mara moja hadi mara tatu kwa siku. Vioo vikatoka jasho usiku na mchana. Baada ya wiki mbili chatu akaanza kupumua mdomo ukiwa nusu wazi, kichwa kimeinuliwa, na pumzi inakoroma.

Kipimo kilisomwa mahali asipokaa mnyama

Vifaa vyote vilikuwa vizima. Kosa lilikuwa pale vilipofungwa. Kihisi cha thamostati, kifaa kinachowasha na kuzima paneli kulingana na joto, kilikuwa pembeni chini, karibu na tundu la hewa, na kabati lenyewe limekaa juu ya sakafu ya saruji ambayo haipati joto upesi. Saa tisa alasiri chumba kilikuwa nyuzi 30, na pembe ile ya chini nyuzi 29.5. Thamostati ilikuwa imewekwa 31. Kwa hiyo paneli iliwaka bila kuzima tangu asubuhi, ikitafuta nyuzi ambazo pembe ile isingezifikia, huku tawi la juu, sentimita 12 tu chini ya paneli, likipimwa kwa themomita ya miale kuwa nyuzi 35. Chatu huyu kwao ni Papua, visiwa vya jirani vya Indonesia na rasi ya Cape York kaskazini mwa Australia, na anapenda sehemu ya joto isiyozidi nyuzi 30 au 31, upande wa pili ukiwa 26 hadi 28. Nyuzi 35 kwa saa nyingi ni adhabu.

Hapo dalili zote zinapangika. Alishuka sakafuni kukimbia joto. Wapo wanaoshuka kwa sababu nyingine: jike mwenye mayai, dume anayetafuta jike, au yeyote anayekaribia kwenda haja. Lakini chatu wa miti anayelala chini siku tatu mchana kweupe, kitu cha kwanza cha kupima ni tawi alilolihama.

Gamba nalo lina hesabu yake. Haigromita, yaani kipima unyevu wa hewa, ilibandikwa chini ikasoma kama asilimia 65, na mwenye nyoka akaridhika. Hewa hiyohiyo yenye unyevu wa asilimia 65 kwa nyuzi 30, ikipashwa hadi nyuzi 35 bila kuongezwa maji, hushuka hadi asilimia 49 hivi, maana hewa ya moto ina nafasi ya kubeba mvuke mwingi zaidi. Kwa hiyo kweli palikuwa na ukavu, lakini juu, kwenye tawi, na ulitoka kwenye paneli. Dawa ilikuwa kuzima paneli. Kunyunyiza mara tatu kuligeuza joto kavu kuwa joto la majimaji lisilo na pa kutokea, na hewa iliyotuama, yenye maji na moto ndiyo mazalia ya bakteria wa mapafu. Bakuli la maji nalo lilikuwa sakafuni pembeni, mahali ambapo nyoka huyu, anayependa kunywa matone yaliyotua juu ya mapindo ya mwili wake, hapakumbuki.

Kabla ya kuzungumzia makao mapya, mgonjwa. Pumzi ya kukoroma na mdomo wazi ni za daktari wa mifugo, na ni vyema achukue sampuli ya makohozi kabla ya kuchagua antibiotiki. Duka la dawa za mifugo litakuuzia oksitetrasaiklini ya ng'ombe bila maswali mengi. Usiichome kwa kukadiria. Kipimo cha nyoka hufuata uzito wake kwa gramu, na mnyama aliyekosa maji anaweza kuumizwa figo na dawa iliyokusudiwa kumponya. Unaloweza kufanya mwenyewe siku hiyohiyo ni kuzima paneli, kufungua vioo kwa kuweka wavu uliokazwa mahali pake, kutandika karatasi kavu na kuweka maji safi. Gamba la jicho usilikwangue kwa kucha. Mweke saa moja kwenye ndoo yenye taulo lililoloweshwa maji ya uvuguvugu na mfuniko wenye matundu, kisha umwache hadi ajivue tena.

Machaguo yaliyokuwa mezani

La kwanza lilikuwa kulitoboa kabati lilelile. Inawezekana, na kwa mwenye haraka si vibaya: msumeno wa duara wa milimita 100, matundu manne juu nyuma na manne chini mbele, yazibwe kwa bati lenye vitundu. Ila plastiki ile ikitobolewa sana juu hulegea, na paneli nzito imening'inia hapohapo.

Tangi la samaki la kioo likageuzwe? Hapana. Hewa yake inatokea juu tu, na ile ya chini, yenye unyevu, hubaki palepale. Pande zote ni wazi kwa mnyama anayetaka mgongo wake uwe umekingwa. Na jua la dirishani likiligonga kwa nusu saa, limekuwa tanuri.

Kizimba cha wavu mtupu barazani kinavutia kwa hali ya hewa ya pwani, na kwa kiasi fulani ni wazo sahihi. Kasoro zake ni tatu. Upepo wa kaskazi humkausha nyoka usiku. Pua huchubuka kwa kusugua wavu anapotafuta njia. Na baraza la Malindi lina paka, kunguru na watoto wa jirani.

Lililobaki ni kuchonga, na hapo ndipo tunapoegemea: sanduku la mbao lenye kioo mbele, hewa ikiingia chini mbele na kutokea juu nyuma. Hewa yenye joto hupanda yenyewe, ikitoka juu inavuta nyingine chini. Huku pwani mtu anunue kwanza hewa, kisha kivuli, kisha maji, na joto liwe la mwisho.

Karatasi moja ya plaiwudi

Vipimo vilivyochaguliwa ni upana 90, kina 60, kimo takriban 77. Upana uthaminiwe kuliko kimo. Watu husikia "wa miti" wakachonga mnara. Chatu huyu hukaa tawi moja mchana kutwa, na akitaka joto tofauti ni lazima aweze kusogea kushoto na kulia akiwa palepale juu. Kwenye mnara mwembamba, baridi iko chini tu, kwa hiyo anachagua kati ya kupoa na kujiona salama.

Chukua plaiwudi ya kustahimili maji ya milimita 12, karatasi moja ya futi 8 kwa 4. Ipasue kwa urefu kuwa mikanda miwili ya sentimita 60. Mkanda wa kwanza unatoa dari ya 90 na mbavu mbili za 75. Wa pili unatoa sakafu ya 90 na mgongo wa 90, na kipande cha 60 kwa 60 hivi kinachobaki ni cha mikanda ya fremu ya mbele. Utaona mgongo una kimo cha 60 tu wakati nyuma ni 77. Pengo lile la sentimita 17 juu ndilo mlango wa kutokea hewa.

Seremala alipoonyeshwa mchoro hakupendezwa.

"Shehe, pengo lote hili nyuma la nini? Mnyama si atapata baridi?"

"Baridi ya Malindi hii, fundi?"

Swali la fundi halikuwa la kipuuzi, na jibu lake ni ubao wa kuteleza. Pengo limezibwa kwa bati la alumini lenye vitundu vya milimita 3, laini upande wa ndani ili pua isichubuke, na wavu wa mbu nje yake. Nyuma yake ubao mwembamba unateleza katika mifereji: mwisho wa kaskazi unafunguliwa wote, usiku wa kusi unafungwa hadi robo. Mbele chini, kabla ya kioo, kuna mkanda wa bati lilelile wenye kimo cha sentimita 12, nao haufungwi kamwe.

Kioo kiwe cha milimita 5 au 6, vipande viwili vinavyopishana kwenye reli ya alumini, na kufuli la meno kama yale ya makabati ya masonara. Bawaba, skrubu na kulabu ziwe za chuma cha pua au shaba. Chuma cha kawaida karibu na bahari huota kutu upesi, na komeo lililooza ndilo linalomtoa nyoka nje. Ndani paka vanishi ya maji mara tatu, ukisugua kwa msasa laini katikati, kisha ziba pembe za sakafu kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Liache wazi wiki mbili. Ukiingiza pua ndani ukanusa siki au rangi, bado.

Fito, na kwa nini zitoke

Wauza miti ya mikoko wa Lamu na Malindi wana majina ya unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Unachotaka ni fito, unene wa sentimita 2.5 hadi 3.5, yaani karibu na unene wa mwili wa nyoka palipojaa zaidi. Ununue za dukani zilizokatwa kihalali. Usiingie mkokoni na panga. Zimenye, zisugue kwa brashi na maji matamu hadi chumvi iishe, zianike. Tawi la mwembe pia linafaa likikauka kabisa, ila likiwa bichi utomvu wake unawasha. Mwerezi uuache, mafuta yake ni sumu kwa nyoka.

Ziwe tatu, zote zimelala sambamba na sakafu, zikienda kutoka ubavu hadi ubavu. Ya juu iwe sentimita 25 chini ya dari. Ya kati na ya chini zipishane kwa kina ili kinyesi cha wa juu kisiangukie ya chini, na hata ya chini kabisa isiwe chini ya sentimita 30 kutoka sakafuni, maana mapindo ya mwili huning'inia.

Usizipigilie. Kila ncha ikae kwenye kibao chenye mkato wa herufi U. Chatu huyu akishajipinda juu ya ufito hushika kwa nguvu, na kumbandua kwa mikono ni njia ya kuumiza uti wa mgongo wake, hasa akiwa mdogo, au kukufanya uonje meno yake ya mbele, ambayo ni marefu. Ukitaka kusafisha, inua ufito pamoja naye, uweke juu ya ndoo kubwa yenye mikato ileile, ufanye kazi yako.

Bakuli la maji, upana wa sentimita 20, linaning'inizwa kwenye pete ya chuma cha pua usawa wa ufito wa kati. Maji yawe ya mvua, au ya bomba yaliyolala usiku mzima kwenye ndoo wazi. Maji ya kisima sehemu nyingi za Malindi yana chumvi, yanaacha ukungu mweupe kwenye kioo na kuziba pua ya kinyunyizio, na si ya kumnywesha mnyama aliyekwisha kukaukiwa. Sakafuni tandika karatasi wakati wa ugonjwa. Akipona, makumbi ya nazi yaliyopondwa yanafaa, lakini yale yaliyolowekwa ufukweni kwa ajili ya usumba yamejaa chumvi. Yaoshe hadi maji yaliyokamuliwa yasiwe na ladha.

Joto, maji na majira

Paneli ya wati 80 iliondolewa, ikawekwa ya 40, upande wa kushoto wa dari. Kihisi kimefungwa kwenye ufito wa juu, chini ya paneli hiyohiyo, kwa kibano, upande asipoweza kukisukuma. Thamostati ni 29. Thamostati ya pili imeunganishwa mbele ya ile ya kwanza na kuwekwa 32, ili ya kwanza ikigandia "washa" ya pili ikate. Kuanzia Januari hadi Aprili paneli inachomolewa ukutani kabisa. Julai na Agosti usiku wa Malindi hushuka hadi nyuzi 21 au 22. Hapo inawaka alfajiri na asubuhi, na si zaidi.

Sanduku liko juu ya meza ya sentimita 80, chumba cha chini upande wa mashariki, mbali na dirisha. Ghorofa ya juu chini ya mabati haifai hata kwa saa moja ya alasiri. Miguu ya meza imesimama kwenye makopo yenye maji na tone la sabuni, kwa sababu ya sisimizi na siafu, na siafu hawangoji nyoka afe.

Kunyunyiza ni wakati wa magharibi, mara moja, kwa pua ya ukungu, mgongoni mwa nyoka na kwenye kuta, kwa sababu usiku ndipo anapoamka na kunywa. Kipimo cha kazi hii ni karatasi ya sakafuni: ikiwa bado imelowa saa sita mchana wa kesho yake, ama maji ni mengi ama ubao wa nyuma umefungwa mno. Katika masika siku nyingi hazihitaji kunyunyizwa kabisa. Upepo mkavu wa Januari unaweza kudai mara mbili. Unyevu upande usiku hadi asilimia 80, ushuke mchana hadi 55 au 60. Mpando na mshuko huo ndio unaotafutwa, wala si namba moja ya kudumu. Haigromita ijaribiwe kabla ya kuaminiwa: kijiko cha chumvi ya mezani iliyoloweshwa kidogo kwenye kifuniko cha chupa, kitiwe pamoja na haigromita ndani ya mfuko uliofungwa, baada ya saa 12 isome 75. Ikisoma 68, ujue inadanganya kwa 7.

Wafugaji wa nchi za baridi huogopa umeme kukatika kwa sababu nyoka ataganda. Hapa joto la chumba linatosha, kinachokosekana ni upepo. Feni ya kompyuta ya milimita 80, volti 12, wati 2 hivi, imefungwa nje ya pengo la nyuma ikipuliza kwenda nje. Betri ya saa-ampea 7 ina wati-saa 84. Ukitumia nusu tu ili idumu, feni inakwenda saa 20, na paneli ndogo ya sola inairudishia. Chumvi ya hewa itaiua feni mapema, kwa hiyo iwepo ya akiba.

Dawa ya mbu ya kupulizia na koili visitumike chumba hicho. Feni inayotoa hewa nje inaivuta hewa ya chumba ndani ya sanduku kwanza.

Chakula kisubiri. Baada ya kuhamishwa, na pumzi ikiwa imetulia, alipewa panya mdogo kuliko kawaida, kisha ratiba ikarudi kila siku 14. Jike huyu alikuwa akilishwa kila wiki, jambo ambalo kwa mnyama mzima asiyetembea huleta unene, haja kukwama, na mwishowe utumbo kutoka nje, hasa kukiwa na upungufu wa maji.

Kwa mwenye kinda, vipimo vyote hivi havifai. Kinda wa manjano au mwekundu, ambaye bado hajageuka kijani, akitiwa kwenye sanduku la sentimita 90 hushindwa kuona chakula. Boksi la 30 kwa 30 kwa 30 na fito za milimita 6 hadi 10 linatosha mwaka wa kwanza.

Karatasi na mwembe wa jirani

Jamii yote ya chatu imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na huyu yumo Kiambatisho cha Pili. Nchini, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inaweka ufugaji chini ya kibali kinachopitia KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Nakala ya kibali ibandikwe ubavuni mwa sanduku. Chatu wa porini wa Magarini au Sokoke si mbadala wa bei nafuu. Kumtoa porini ni kosa.

Akitoroka, mtafute usiku kwa tochi, na utafute juu: nyuma ya friji, juu ya pazia, kwenye boriti za dari, juu ya kabati la nguo. Funga mlango wa chumba kwanza, ziba chini yake kwa taulo. Waambie majirani mapema kwamba nyumbani kuna nyoka wa kijani asiye na sumu, lakini uwaambie pia sehemu ya pili, kwa sababu miembe na mikorosho ya Malindi na Watamu ina mamba kijani, ambaye sumu yake inaua. Chatu huyu ni mnene, hujipinda kama tandiko juu ya tawi, ana kichwa kipana na mboni iliyosimama wima; mamba kijani ni mwembamba, kichwa kirefu, mboni ya duara, na mchana anatembea. Tofauti hizo zitazamwe kwa mbali. Kwa nyoka yeyote aliye nje ya kuta za nyumba, mwenye nyoka asinyooshe mkono wala ndoano hata kama ana hakika ni wake. Aite wajuzi: Bio-Ken, kituo cha nyoka, wako Watamu tangu 1980 na kazi hiyo wanaifanya.